Tai wa kuchonga na nukta nyekundu

Mimi sio mpiga picha, niseme mapema ili wajuzi msije mkanikaba. Napiga na simu kama watu wote. Ila baada ya arobaini ya Bibi mwaka juzi tulikaa barazani tukagawana vitu vilivyobaki chumbani kwake, mmoja akachukua redio ya mbao, mwingine cherehani, mi nikaangukiwa na kamera ya Babu, na ukoo mzima ukanitazama kama vile nimepewa kiwanja Raskazone.

Macho yale yalitokana na hadithi. Sisi tumekua tukiambiwa hii ni "kamera ya Mjerumani". Babu akiwa kijana mdogo alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge huko Korogwe, bwana shamba Mjerumani, vita ya pili ilipoanza 1939 Waingereza wakaja kuwazoa Wajerumani wote, na yule bwana kabla hajapandishwa kwenye lori akamwita Babu pembeni akamwambia shika hii, nikirudi utanipa. Hakurudi. Hiyo ndo hadithi, na Babu alikuwa anaisimulia vizuri sana, mpaka mlio wa lori alikuwa anautoa.

Sasa kwa asiye wa huku, jua kwamba Tanga kila kitu kikuukuu ni cha Mjerumani. Kisima ni cha Mjerumani, nyumba yenye ukuta mnene ni ya Mjerumani, mpaka leo kuna watu wanachimba usiku wakitafuta rupia za Mjerumani na wakiulizwa wanasema wanachimba choo. Kwa hiyo mtu akikwambia kamera ya Mjerumani unacheka kwanza. Mi nilicheka, afu nikaishika mkononi nikaacha kucheka.

Maana imeandikwa, bana. Kamera ni ndogo inaenea kiganjani, nzito kama jiwe la mizani, rangi ya dhahabu yenye ngozi ya kahawia. Juu imechongwa "Leica" kwa mwandiko wa kulalia, chini yake "Ernst Leitz Wetzlar", na D.R.P., yaani hataza ya Kijerumani, na namba ya tarakimu tano inayoanza na 4. Pembeni yake kuna tai amekunjua mabawa, kashika ile alama ya Wanazi. Nyuma kuna maneno "Luftwaffen-Eigentum", yaani mali ya jeshi la anga. Nikakaa nayo kitandani siku ya kwanza nikasema loh, huyu Babu alikuwa hatanii.

Nikaanza kusoma usiku, unajua ile unafungua kitu kimoja kwenye simu kinakupeleka kwa kingine mpaka saa nane. Nilichokuta mwanzo kilinipa moyo. Kamera ya Leica ilianza kuuzwa 1925, baada ya kuoneshwa kwenye maonesho ya Leipzig, kazi ya bwana anaitwa Oskar Barnack kwenye kiwanda cha Leitz mji wa Wetzlar. Kwa hiyo wale Wajerumani wenyewe wa koloni, wale waliopigana hapa Tanga Novemba 1914 nyuki wakaingilia vita, hao wasingeweza kuwa nayo, walishasalimu amri 1918 hata haijatoka. Lakini bwana shamba wa Babu sio wa koloni! Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika mwaka huohuo 1925, wakarudi kwenye mkonge na kahawa, na 1939 kweli walikamatwa. Hadithi ya Babu ilikuwa inapita mlangoni bila kuinama. Nikalala na furaha.

Kesho yake ndo ikaanza kuchechemea.

Kilichonisumbua ni tai. Mkulima wa mkonge Korogwe anafanya nini na kamera ya jeshi la anga? Nikajitetea, labda alikuwa na ndugu rubani, labda shushushu, akili ikitaka kuamini kitu inajua kujitengenezea njia. Afu nikaangalia namba. Leica namba zake zimeorodheshwa kwa mwaka, na ile ya kwetu inaangukia 1930. Luftwaffe ilitangazwa 1935. Basi hiyo kamera ilikaa miaka mitano ikisubiri jeshi liundwe? Na kuna baya zaidi, hii ya kwetu ina renjifainda ndani, vile vidirisha viwili mbele ambavyo ukichungulia unaona picha mbili, unazungusha lenzi mpaka ziwe moja ndo unajua imekaa sawa. Leica ya kwanza yenye kitu hicho ni ya 1932. Namba ya 1930, mwili wa 1932, muhuri wa 1935, ni kama cheti cha kuzaliwa kimeandikwa na watu watatu ambao hawajaonana.

Bado sikukubali. Nikasema labda namba ilisomwa vibaya, labda dhahabu ndo siri yenyewe, maana Leica za dhahabu zipo kweli, zilianza 1929, chache mno, zimevikwa ngozi ya mjusi. Ila zile hazina renjifainda. Na nilipochukua kijiti cha sikio na mafuta kidogo nikasafisha chini ya kitasa cha kuvutia mkanda wa picha, pale ambapo kidole hakifiki, nikakuta weupe wa kromu. Kumbe dhahabu yetu ni shaba tu iliyovuliwa nguo ikasuguliwa.

Hapo nikawa mpelelezi kamili, mke wangu akaanza kunisalimia "habari za kazini afande".

Lenzi imechongwa "Leitz Elmar". Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kioo kikawaka rangi ya zambarau na bluu kama mafuta ya taa juu ya maji. Ile rangi ni dawa inayopakwa kwenye kioo kupunguza mwanga kurudi nyuma, na lenzi za kabla ya vita hazikuwa nayo, zinatakiwa zing'ae nyeupe kama glasi ya chai. Kisha namba za tundu, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Elmar ya miaka ya thelathini inasoma 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18, hesabu ya kizamani ya Ulaya. Ya kwetu inasoma 3.5, 4, 5.6, 8, 11, 16, namba hizihizi tunazozijua leo. Mtu kachonga jina akasahau kwamba na namba nazo zinaongea.

Halafu kuna kile kidude cha ndani. Ukiifungua lenzi, inazunguka kama kifuniko cha chupa, juu kwa ndani unakuta mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na lenzi ili renjifainda ijue umbali. Kwenye Leica ya kweli mwisho wa huo mkono kuna kigurudumu kinachozunguka. Hili wajuzi wote wanakubaliana, fungua lenzi, tafuta gurudumu. Nikafungua. Gurudumu hamna. Kuna kipande cha chuma kimechongwa kama ulimi wa mjusi, kimekaa tu.

Na bado nilikuwa sijageuza chini! Chini kuna kile kibati kizima kinachotoka ndo unaweka mkanda, kina kufuli la kuzungusha, na kwenye kufuli pale Mjerumani anaandika "Auf" na "Zu", fungua na funga. Ya kwetu ina alama mbili, duara na namba tatu. O na 3. Niliangalia hiyo tatu siku mbili nzima. Tatu ya nini? Hatua ya tatu? Nikaipiga picha nikamtumia rafiki yangu aliyesoma udaktari Urusi, sikumwambia chochote, nikauliza tu hii nini. Akajibu na vile vikatuni vya kucheka: "Hiyo sio tatu we. Hiyo ni Z yao. Zakryto. Imefungwa. Na hiyo O ni otkryto, imefunguliwa."

Mrusi.

Usiku huo nikazima taa, nikaweka tochi ya simu ikilala karibu na meza, mwanga ukapita juu ya bati la kamera kwa ubavu kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga ukaona kila unyayo. Na pale chini ya neno Leica, kwa mbali kabisa, kama kovu la chanjo, kukaonekana herufi. Duara limepigwa fimbo katikati. Ф. Afu nyingine mbili zimefifia.

Ф-Э-Д. FED.

Sasa hapa naomba mnivumilie maana kwangu mimi hii ndo sehemu yenyewe. FED ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, yule mwanzilishi wa polisi wa siri wa Wabolsheviki. Alipokufa, huko Kharkiv, Ukraine, wakafungua kituo cha watoto wa mitaani kikapewa jina lake, 1927. Watoto waliobaki bila wazazi kwa sababu ya vita na njaa, chokoraa hasa, waliokuwa wanalala stesheni. Mlezi wao mkuu alikuwa mwalimu Anton Makarenko, na imani yake ilikuwa mtoto apewe kazi ya maana, sio ya kumpotezea muda. Walianza kutengeneza drili za umeme. Halafu ikachukuliwa Leica, ikafumuliwa kipande kwa kipande, ikapimwa, na kufikia 1934 hao vijana walikuwa wanatoa kamera kwa wingi, nakala ya Leica bila kumuuliza mwenyewe. Baada ya vita kiwanda kingine huko Krasnogorsk karibu na Moscow nacho kikaingia, 1948, ndo hizo zinaitwa Zorki, na zilianzia kwenye hii FED hiihii.

Kwa hiyo kamera ni kopi, sawa, lakini ni kopi iliyoanzishwa na watoto yatima wenye vidole vya kuaminika kuliko vyangu. Kharkiv Wajerumani waliivamia Oktoba 1941, kiwanda kikahamishiwa Siberia. Halafu miaka hamsini baadaye, Muungano wa Kisovieti umeshaanguka, njaa imeingia mitaani, watu wanagundua kwamba watalii hawataki FED, wanataka kitu cha vita. Basi fundi anachukua kamera, anasugua jina la kituo cha watoto, anachonga tai wa watu waliokuja kuuchoma mji. Sikuwa na hasira na huyo fundi, alikuwa anatafuta mkate. Ila nilikaa nikiangalia ile Ф kwenye mwanga wa tochi nikahisi kama nimeona jina la mtu chini ya rangi ya kaburi.

Swali likabaki, ilifikaje Korogwe? Na jibu la haraka ni kwamba haikufika. Nikampigia ba'mdogo.

Ba'mdogo anakaa Dodoma sasa, mstaafu. "Shikamoo ba'mdogo." "Marahaba, hujambo?" Tukazunguka kwenye hali na mvua, afu nikamuuliza, ile kamera ya Babu unaifahamu? Akasema ee, si mimi ndo niliileta.

Kimya.

Ba'mdogo alisoma uhandisi Sovieti, hilo tulilijua, alirudi 1992. Siku za mwisho akiwa Moscow anasubiri ndege akatembea sokoni, jamaa mmoja akamfuata na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akamnong'oneza, mali ya vita hii, Leica, ya rubani. Ba'mdogo akatoa dola alizokuwa kaweka za zawadi. Alipofika Tanga akampa baba yake. Na Babu alivyomuona yule tai tu, ba'mdogo anasema, alinyamaza muda mrefu, afu akasema hii naijua, hii ni ya bwana wangu wa mkonge. "Sasa mi ningembishia? Mzee kafurahi. Nikaacha."

Nikamuuliza, ba'mdogo, chuo ulisoma mji gani?

"Kharkiv. Miaka sita."

Nikamwambia nilichokiona na tochi. Simu ikakaa kimya tena, nikadhani salio limekata. Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko cha kukohoa. Akasema kwenye daladala yao ya umeme kila siku alikuwa anapita karibu na kiwanda cha FED, na kwenye duka la chini ya bweni zilikuwa zimejaa dirishani, hakuna aliyezitazama. Kakaa mlangoni mwa FED miaka sita, afu kaenda kununua FED Moscow kwa bei ya Leica. "Usimwambie shangazi yako," akasema.

Bwana shamba mwenyewe najua aliishi, Babu hakuwa mtu wa kutunga jina. Pengine na kamera alikuwa nayo kweli, na Babu aliishika siku moja. Hilo nimeliacha hapo.

Lakini hii blogu ningeimalizia hapo kama kamera isingekuwa na alama nyingine ambazo sio za Mjerumani wala za Mrusi. Hizi nilizipuuza mwanzoni kwa sababu hazikuwa na maneno. Moja, ubavuni kuna tundu limetobolewa na drili, limewekwa kisoketi cha waya, kazi ya mkono, kingo zake zina mikwaruzo. Mbili, kwenye kile kitasa cha kuchagulia spidi kuna nukta nyekundu kando ya namba 20. Tatu, ukiangalia ndani kitambaa cha shata, kile kipazia kinachofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, kina kiraka, kidogo kama ukucha wa mtoto, cheusi lakini weusi wake sio mmoja. Nne, kwa ndani ya kile kibati cha chini kuna mistari miwili imekwaruzwa kwa kitu cha ncha, nikapima na rula, sentimita kumi kamili.

Nikaenda kwa mzee mmoja Barabara ya 8, zamani alikuwa fundi wa kamera, sasa anatengeneza feni na pasi. Akaishika kwa namna ambayo mi sijawahi kuishika, kidole cha kulia kikaenda chenyewe. Tai hakumwangalia hata mara moja. Akasema hiki kisoketi cha fleshi, hizi kamera hazikutoka na fleshi, kuna mtu kataka kupigia ndani usiku. Kiraka akakigusa na ncha ya bisibisi, akasema hicho kitambaa cha mwavuli. "Hii mtu aliiacha dirishani bila kifuniko, lenzi imetazama jua. Jua la kwetu hili, linatoboa." Yaani lenzi inakusanya jua kama kile kioo cha kuchomea karatasi shuleni, na shata ya kitambaa iko nyuma yake palepale. Nukta nyekundu akaisogeza karibu na macho, akainusa (aliinusa!), akasema hii sio rangi ya fundi. Hii ni rangi ya kucha.

Nyumbani kwa Babu mwenye rangi ya kucha miaka hiyo alikuwa mmoja. Nikaenda Pangani mwenyewe, hii haikuwa ya simu.

Shangazi alikuwa anapara samaki. Nikamwekea kamera kwenye mkeka, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Bado mnayo hii takataka?" kwa sauti ya mtu aliyefurahi.

Kumbe miaka ya tisini Babu aliiweka kamera kabatini kama hirizi, na shangazi alikuwa anaichomoa. Unajua sherehe zetu za kina mama, singo ya bibi harusi, zile ngoma za ndani, mwanaume haingii, na wapiga picha wote mjini walikuwa wanaume. Watu walikuwa wanaoa na kuolewa bila picha ya sehemu tamu kuliko zote. Shangazi akajifunza. Akampelekea fundi atoboe soketi, Babu asijue, alimwambia kamera iko kwa jirani anaiangalia. Harusi ya kwanza mkanda mzima ukarudi kutoka studio kila picha ina bibi harusi nusu, kipande kimewaka kipande cheusi tii kuanzia juu mpaka chini, mama wa bibi harusi akalia. Ndo fundi akamweleza, hii shata inafunguka yote ikiwa spidi ya chini tu, ukiweka juu inapita kama mlango uliofunguliwa kidogo, na fleshi inawaka mara moja inakuta mlango nusu. Weka ishirini usitoke hapo. Na ndani ya vyumba vile hamna taa, namba zenyewe ni ndogo kama chawa, basi akaweka nukta ya rangi ya kucha ili macho yaione haraka.

Mistari ya sentimita kumi? Akaniangalia kama vile sijasoma. Hii kamera haina mlango wa nyuma, mkanda unauingiza kwa chini, na mikanda ya dukani ulimi wake mfupi, ukiusukuma hivyohivyo unakwama unachanika ndani. Lazima uukate ulimi mrefu na mkasi. Alikuwa anasahau urefu, akachora na pini ya mtandio, anaweka mkanda juu ya kibati, anakata.

Na jua la dirishani? "Hilo usiniulize," akasema.

Tai na maandishi yale hakuwahi kujua yanasema nini, alikuwa anayafunika na plasta nyeusi kwa sababu yalikuwa yanang'aa yakirudisha mwanga wa fleshi usoni kwa watu. Nikaangalia, kweli, gundi ya plasta bado ipo kwenye mabawa, mi nilidhani uchafu.

Nikamwambia nimeagiza mkanda mmoja, unakuja na basi kutoka Dar, nataka kujaribu. Akaishika, akazungusha kitasa mpaka 20 bila kuangalia, akabonyeza, shata ikalia. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Nukta imefifia," akasema, na akamwita mjukuu wake ndani amletee chupa ya rangi, ile nyekundu, sio ya waridi.